Papa Alipokwenda Kuona Majani Yanayokula Nzi

Mantapala, Nchelenge

Dada yangu mukubwa, Yaya Keren mupendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha asubuhi hii, wewe kule Pweto, Kongo, na sisi huku kambini Zambia, na ziwa lote la Mweru katikati yetu. Unaendeleaje? Shemeki Dan je, muguu wake umepona? Watoto wanasoma vizuri? Sisi tuko wazima. Mihogo imekubali, mahindi panya wameyasumbua kidogo, lakini hatulali na njaa. Barua hii nitamupa Hénoc, yule muchuuzi wa samaki unayemujua. Ningeweza kupiga telefone, lakini nakujua, ungekata kabla sijamaliza. Soma mpaka mwisho, Yaya, nakuomba.

Kuna binti wa hapa Nchelenge anaitwa Mapalo. Amesomea mambo ya miti na majani, na sasa anatafuta kazi ya kuongoza wageni porini. Jumapili moja alikuja kanisani kwetu, akaomba nafasi baada ya matangazo. Alisema kwa Kibemba kwamba kwenye bonde la maji nyuma ya mashamba yetu kuna majani yanayokula nyama, na kwamba Jumamosi atawapeleka bure wote watakaopenda kuyaona, maana kabla ya kuongoza wageni anataka kujaribu kwa majirani. Mimi ndiye nilikuwa nikitafsiri kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye kula nyama, kanisa lote likapiga makelele. Mama mumoja akauliza kama yanakula hata watoto. Mapalo akajibu kwamba hapana, yanakula nzi na mbu, na wamama wakasema basi kila mutu apande moja karibu na kitanda.

Aliyenishangaza ni Papa. Unajua vile alivyo tangu tumuzike Mama: shamba, kanisa, kiti chake mulangoni, basi. Siku hiyo alisimama mbele ya watu wote akasema huo ni uongo.

"Muti hauna tumbo," alisema. "Nitaenda mimi mwenyewe, na nitarudi kuwaambia."

Jumamosi tukaondoka mapema, kikundi kidogo, wamama wengi kuliko wanaume. Kati yao alikuwa Mama Colette, yule mujane wa Moba anayeuza vitumbua karibu na pompi ya maji. Alikuwa amevaa viatu vya kanisa, na Mapalo alipomwonya kwamba kuna matope, alijibu kwamba yeye hawezi kwenda kutembelea watu wasiomujua akiwa na ndala.

Bondeni nyasi ni fupi na chini maji yanalia kila ukikanyaga. Mapalo akatwambia tupige magoti. Yaya, mimi nilitazamia kitu kikubwa chenye mudomo. Kumbe ni vijani vidogo vyekundu kama vifungo vya shati, vimelala chini, na kila kijani kina nywele, na kila unywele una tone linalong'aa. Mapalo alieleza kwamba tone lile si umande, ni gundi. Mududu anadhani ni maji matamu, anatua, anashikwa, nywele zinamukunjia, na majani yanamunywa polepole. Nikauliza kwa nini yasile udongo kama majani mengine. Akasema udongo wa pale hauna kitu, kwa hiyo yamejifunza kutafuta chakula kwa njia nyingine. Nilipotafsiri, Mama Colette akasema, "Kama sisi tu," na wote wakacheka.

Papa hakucheka, na hakupiga magoti. Alisimama na fimbo yake akauliza meno yako wapi. Mama Colette akamugeukia.

"Papa Evariste, unaogopa nyasi ya urefu wa kidole?"

Hapo Papa akainama. Kisha akapiga magoti. Kisha, mbele ya macho yangu, muzee wetu akalala kwa tumbo kwenye maji, na shati lake jeupe, kwa sababu nzi mudogo alikuwa ametua.

Mapalo akatupeleka mbele kwenye dimbwi, kuona maua ya njano ambayo chini ya maji, alisema, yana vifuko vya kumeza wadudu wa majini. Tulikaa huko kitambo. Niliporudi kumutafuta Papa, nilimukuta palepale, na Mama Colette naye amelala kwa tumbo kando yake. Kila mutu alikuwa amechagua jani lake, wakishindana ni lipi litakalokunja nywele kwanza. Papa alikuwa akilalamika kwamba nzi wa Mama Colette ni munene kuliko wake, hiyo si haki.

Wakati wa kuondoka Mama Colette akasimama haraka, na muguu mumoja ukazama mpaka kwenye paja. Papa akamushika mukono, akavuta, na wote wawili wakaanguka. Kiatu kikabaki chini. Tulikitafuta mpaka tukachoka.

Na Papa alicheka, Yaya. Kile kicheko chake cha zamani, cha kukohoa na kupiga paja, ambacho nilikuwa nimeanza kukisahau. Alirudi nyumbani bila viatu, maana ndala zake alimupa Mama Colette, na kanisani siku iliyofuata alisimama akasema muti unalo tumbo, ameliona, na yeye anaomba musamaha kwa Mapalo.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Tangu siku ile Papa ananunua vitumbua kila asubuhi, yeye asiyependa mafuta. Juzi aliniita, akanikalisha. Akasema anataka kumuoa Mama Colette. Na kwamba hataweza kuja kukaa kwako Pweto kama ulivyopanga.

Sitakuficha: nilitoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Nilifikiri juu ya Mama, juu ya kitenge chake ambacho bado kiko ndani ya sanduku. Papa akanifuata. Hakunigombeza. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mahali pa mama yenu hakuna mutu atakayekaa. Lakini nyumba iko na mahali pengine, na ni kimya sana."

Nikamuuliza kwa nini hamuoi basi. Akasema anakungojea wewe. Hatapeleka hata kuku kwa ndugu za Mama Colette kabla ya kupata neno la binti yake mukubwa, na anaogopa kukuuliza mwenyewe. Mama Colette anajua. Aliniambia kwamba ukikataa hatakukasirikia, kwa sababu mutoto anayemulilia mama yake hana kosa.

Mimi nimekwisha kukubali, Yaya. Nilikubali palepale nyuma ya jiko, na machozi yangu.

Hénoc anarudi huku baada ya soko. Ukimupa samaki, nitashukuru; ukimupa neno, Papa atalala. Msalimie shemeki, wabusu watoto, na mama mukwe wako umwambie tunamuombea. Mungu akulinde mpaka macho yetu yaonane.

Mudogo wako akupendaye,
Pierrette

Papa amepita nyuma yangu akauliza kama nimekwisha kuandika. Nimemwambia ndiyo. Amekwenda kusimama barabarani kumwangalia Hénoc kama anakuja kuichukua, na amevaa shati jeupe.