Betri Karibu na Mlango

Jumanne usiku

Bado naisikia ile harufu, kama plastiki iliyoachwa juani. Mume wangu, Wafula, anasema ni pua yangu tu.

Wakala wa bima alikuja leo kuandikisha vitu vyetu vya nyumbani. Alipoiona betri ya pikipiki yake ya umeme ikichaji kando ya mlango, penye soketi yetu pekee, akaacha kuandika.

"Nani aliifungua hii?"

Wafula akajibu kwa fahari kwamba fundi wa soko la Owino ndiye aliyebadilisha seli zake za ndani.

"Basi moto ukianzia hapa, mama, hatulipi kitu." Aliniambia mimi, si Wafula.

Nilidhani Wafula ataitoa nje. Akasema ikilala nje itaibwa, na isipochaji kesho habebi abiria, hatuli. Ni kweli asemayo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nimeigusa sasa hivi. Ina joto, na upande mmoja umevimba.

Mlango wetu pekee, wa chuma, tunaufunga kwa kufuli kwa ndani, kwa ajili ya wezi. Ufunguo hukaa chini ya mto wa Wafula. Nimeuchukua, nimeufunga mkononi kwa kamba, watoto wamelala ubavuni mwangu.

Ufunguo ninao. Lakini ili tuufikie mlango, lazima tuipite betri.