Filimbi ya Midi

Jumatano, 24 Oktoba 2012

Papa amemaliza! Mashini ya mvuke ya kupasua mbao, ile wazungu waliyoiacha msituni hadi miti ikaota katikati ya magurudumu yake, imesimama uani kwetu Kanyaruchinya na inang'aa. Tangu nipate diplome sina kazi nyingine, nakwangua kutu tu. Vidole vyangu vyekundu kama matofali. Ilikosa filimbi. Papa ameipata sokoni Birere, kwa mama mmoja aliyekuwa akipimia karanga ndani yake!

Jumamosi, 27 Oktoba

Asubuhi tuliwasha moto. Magurudumu yakazunguka, msumeno ukala gogo la mkaratusi kama ndizi mbivu. Papa alitokwa na machozi. Kisha: "Deborah, vuta waya wa filimbi. Ni weye." Mimi! Maître Valentin, mwalimu wangu wa shule, alikuwa akisema sauti yangu inaishia shingoni.

Nikavuta.

Ilipanda, ikapanda, mpaka kifua kikatetemeka. Nikacheka kwa nguvu. Nilipoachia waya nikasikia vilio. Bondeni, kambi nzima ya wakimbizi ilikuwa inakimbia — magodoro kichwani, masufuria, watoto migongoni, wote kuelekea mjini. Walidhani ni bombe. Ni watu wa Bunagana, watu wa Rumangabo, walikwisha kukimbia vita huko. Bombe wanaijua kwa mluzi wake. Nasi hatukuwaza! Tuliwaza boliti tu.

Jioni wamerudi. Mama Émérance amerudi bila Prodige, mwanawe wa miaka minne.

Jumapili, 28 Oktoba

Amepatikana! Mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alimkuta amejificha kwenye mawe ya volkano. Kisigino kimepasuka, hawezi kukanyaga.

Mama Émérance alikuja uani. Hakupiga kelele. "Ni weye mwenye kuita vita?"

Papa alishika spana aing'oe filimbi. Papa Hategekimana, mkuu wa kambi, akamzuia. Anasema hata bila filimbi ile mashini inapumua kama shetani, watu watakimbia tena, bora wazoee. Kisha akaninyooshea kidole: huyu apite shitingi kwa shitingi, kila hema la turubai, awaambie wasikimbie.

Mimi! Niongee na kambi nzima!

Jumatano, 7 Novemba

Nimemaliza kupita. Siku ya kwanza niliongea na miguu yangu. "Hodi, mama. Ni mimi wa mashini. Ukisikia, usikimbie, si kitu." Mama mmoja aliniuliza kama naungama dhambi.

Sasa napiga kila siku midi, saa sita kamili, na wanawake wanasonga ugali kwa filimbi yangu. Leo Mama Émérance kapaza sauti toka bondeni: "Binti wa mashini! Umechelewa, maharagi yangu yameungua!" Kambi ikacheka, hata mimi. Kila siku namleta Prodige mgongoni. Anakaa juu ya magogo, anaziba masikio, halafu ananipigia makofi.

Hakuna anayekimbia tena. Hata mmoja! Nimemshukuru Mungu.

Jumamosi, 17 Novemba

Naandika nimesimama. Sijui kwa nini naandika.

Malori ya askari yalishuka kutoka Kibumba bila kusimama. Askari mmoja akapiga kelele: "Waasi wanakuja! Mukimbie!" Papa akazima msumeno, na ndipo tukasikia. Bombe. Za kweli. Nyuma ya kilima moshi mweusi.

"Vuta, Deborah!" Papa akaniambia. "Usiachie!"

Nikavuta. Nikavuta tena, mara nyingi, mpaka waya ukanikata kiganja. Bondeni Mama Émérance kainua mwiko: "Bado midi, ma fille! Saa yako imekufa?" Wanacheka. Wanacheka! Bombe moja imepita juu na mluzi wake, na vijana walio kwenye bomba la maji wamepaza sauti eti papa yangu, Papa Adalbert, amefunga filimbi ya pili. Ni mimi niliyewaambia. Si kitu, nilisema. Usikimbie.

Mvuke umekwisha. Waya umelegea mkononi. Papa anafunga godoro, anaita twende, twende! Prodige yuko juu ya magogo, ameziba masikio, anangoja.

Nimemweka mgongoni. Ni mzito leo. Nashuka, shitingi kwa shitingi, niseme kinyume: kimbieni. Nimejaribu kulipaza neno hilo hapa uani kwanza — Papa yuko hatua chache tu, hakugeuka, hakunisikia. Mungu wangu, sauti itoke, itoke —