Mwiko wa Baba Si wa Jikoni

Barabara ya Drouillard,
Windsor, Ontario.
Jumanne, 11 Septemba 1984.

Mpendwa mdogo wangu Odile,

Hujambo huko milimani? Mumeo Gordon naye, mgongo umepoa? Na Nadine ameanza sekondari, au bado anawasumbua kuhusu viatu? Sisi huku hatujambo. Lionel wangu anakohoa kidogo, lakini bado ana nguvu za kubishana na redio, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Nyanya zimezaa mwaka huu mpaka nimechoka kuzitia kwenye chupa, na majirani wakiniona na kikapu wanajifanya hawapo nyumbani.

Haya, nimekusalimu. Sasa niache niseme, maana nimekasirika tangu Alhamisi, na hasira yenyewe haitoki hata nikisugua sakafu.

Makumbusho ya wilaya yanaandaa maonyesho makubwa ya miaka themanini ya magari ya Kanada. Yatafunguliwa Jumamosi ya tarehe 29. Familia za wafanyakazi wa zamani tulialikwa kutazama kabla ya umati. Nilikwenda na Mzee Adélard Parent, yule aliyesimama bega kwa bega na Baba katika kiwanda cha bodi za magari miaka ishirini. Ana miaka themanini na mmoja sasa, anatembelea fimbo mbili, na husikia lile analolitaka tu.

Ukutani wameandika mambo mazuri, siwezi kusema uongo. Gari la kwanza kutoka kwenye karakana ya magari ya farasi mwaka 1904. Wamarekani kuvuka mto na kujenga kwetu ili wakwepe ushuru na wapate kuuza mpaka Australia. Malori ya vita. Mgomo wa mwaka arobaini na tano, wafanyakazi walipoziba barabara kwa magari yao wenyewe, na Baba akaliacha lake pale siku tatu akarudi nyumbani kwa miguu. Mkataba wa biashara ya magari na Marekani, mwaka sitini na tano. Na picha za mabwana wakubwa, Odile! Masharubu kutoka mlango huu mpaka ule. Mtu angedhani hao mabwana ndio waliokaza kila parafujo.

Tukafika pembeni, kwenye chumba walichokiita "Nyumbani kwa Mfanyakazi". Jiko la kuni, meza, kitambaa cha mistari. Vyombo vya Mama vyote vile ulivyowapa ulipokuja kumzika mwezi wa nne. Na katikati ya kabati la kioo, juu ya sahani, umelazwa mwiko wa Baba.

Adélard akasema, "Fernande, hebu nisomee pale, miwani nimeisahau."

Nikamsomea: "Mwiko wa jikoni. Ulitumika kugeuzia chapati za maji. Alama za kuungua zinatokana na jiko la kuni. Mali ya Bi. Alphonsine Robinet."

"Chapati?" akapayuka. "Chapati za nini? Huo ni mwiko wa Hormidas! Hawa watu wamelogwa?" Akaligonga kabati kwa fimbo, askari wa mlangoni akaja mbio akidhani tunaiba.

Wewe hukuwahi kuingia kiwandani, kwa hiyo nikueleze. Bodi ya gari ilikuja vipande vipande. Waliichomelea, halafu pale vipande vilipokutana pakabaki kovu. Kazi ya Baba ilikuwa kulifuta kovu. Alilainisha risasi kwa moto, yale madini mazito ya kijivu, akaipaka kwenye maungio kwa mwiko wa mbao uliosuguliwa nta ili risasi isinate. Ikipoa wanaipiga tupa mpaka upitishe kiganja usijue gari liliungwa wapi. Fundi mzuri ni yule ambaye kazi yake haionekani. Yale magari yote yanayometameta katikati ya ukumbi, wenye suti wakiyapapasa mabega, wanapapasa mkono wa Baba na hawajui.

Akaja msimamizi, Bi. Thwaites, binti mdogo mwenye adabu zake na faili kifuani.

"Mama, sisi tunafuata maelezo ya aliyetoa kifaa."

"Aliyetoa nani? Mimi ndiye mtoto wa mwenye mwiko!"

"Samahani sana, mama. Mtoaji ni Bi. Odile Haldane, wa Kamloops. Ameandika kwa mkono wake, 'mwiko wa Mama wa chapati'. Siwezi kubadilisha bila saini yake."

Adélard akamsogelea. "Binti yangu, tazama hapo ukingoni. Hizo chembe za kijivu ni unga wa ngano?"

"Mzee, mambo ya zamani huwezi kujua kwa hakika..."

"Mimi ndiye mambo ya zamani!" akamfokea. "Niulize mimi!"

Binti wa watu akawa mwekundu. Sikumwonea huruma wakati ule, ingawa asiyejua maana haambiwi maana, na aliyempa maana potofu ni wewe. Nilitoka pale nikikutukana njia nzima, Odile, mpaka Adélard akaniambia nipunguze mwendo, kwamba fimbo zake hazina magurudumu.

Nilipofika nyumbani nikaketi, na hasira ikanigeukia mwenyewe. Uliandika ulichoambiwa. Ungejuaje? Ulikuwa na miaka kumi na miwili Baba alipofariki, na humu ndani ilikuwa mwiko kuutaja huo mwiko. Mimi nilikuwa na ishirini na tano na nilijua kila kitu. Nilinyamaza.

Basi soma vizuri, na kama umesimama, kaa.

Baba hakuwa mlevi.

Najua ulichokiona. Ulimwona akipepesuka kutoka kituo cha basi. Ulimwona akidondosha kijiko cha supu ya mbaazi, viganja vikining'inia kama nguo mbichi. Ulimsikia akitukana bila sababu, halafu akalia bila sababu. Watoto wa shule wakakuimbia "binti wa mlevi" mpaka ukakataa kupita mtaa wa kanisa. Nilikuwa nakukuta umejificha nyuma ya banda la kuku, nikakufuta machozi, na nikashindwa kukwambia neno moja. Mungu anisamehe.

Ilikuwa risasi, Odile. Vumbi la tupa. Liliingia puani, likaingia kwenye mkate wake, akaja nalo kwenye nywele. Wote walijua pale kiwandani. Dawa waliyopewa, unajua ni nini? Maziwa! Kila fundi chupa moja ya maziwa kila zamu, ati maziwa yanafukuza risasi tumboni. Watu wazima wamepanga foleni kunyonya kama ndama, na jioni wanatapika. Adélard anasema mpaka leo akisikia harufu ya maziwa anatoka chumbani. Baba alikuwa na mstari wa buluu kwenye ufizi. Nimeuona kwa macho yangu alipokuwa akinyoa. Kinywa kile hakikuonja hata bia ya Krismasi tangu mimi nazaliwa.

Alipoanguka kazini kwenye mstari wa magari mwaka hamsini na saba, asiinuke tena, daktari wa kiwanda alimnusa, akaandika neno moja kwenye karatasi: ulevi. Neno moja tu! Angeandika risasi, ingebidi waulizwe kuhusu wengine arobaini. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Baba hata hayo maradhi hakuyaficha, aliyasema kwa kila mtu pale kiwandani, na kifo bado kikamsingizia.

Siku ya pili baada ya mazishi, msimamizi wa zamu alikuja kukusanya vifaa vya kiwanda. Mama alikuwa ameshautia ule mwiko kwenye mtungi wa miiko yake kando ya jiko. Akamwambia, "Humu hamna cha kiwanda. Hiyo ni miiko yangu ya chapati." Nadhani ndipo ulipolisikia hilo neno la chapati, ulikuwa chini ya meza na paka. Yule bwana akatabasamu, akasema ni vizuri, na akauliza Lionel anaendeleaje na kazi yake, na mjomba Eusèbe anaendeleaje na ya kwake. Ndivyo alivyouliza, kwa upole, kofia mkononi. Mama alimwelewa. Na mimi nilimwelewa, kwa sababu Lionel alikuwa mchumba wangu na alikuwa ameajiriwa pale mwezi mmoja tu, na mjomba naye alikula kwa kiwanda hicho hicho. Tukafunga midomo. Baadaye kiwanda kikafungwa, wakubwa wakahama, msimamizi akafa, na sisi bado tumefunga midomo, utadhani tumeshikwa na kufuli lisilo na mwenyewe. Hebu niambie, kuna ujinga kuliko huo?

Ulipoondoka una miaka kumi na minane ukasema mlangoni hutaki kulala tena katika nyumba ya mlevi. Mama aliingia chumbani akajifungia. Nilitaka kukukimbilia kituoni na kukwambia. Nilivaa kiatu kimoja, haki ya Mungu, nikaketi ngazini na kile kingine mkononi. Krismasi iliyopita uliniandikia "yule mzee". Hukuweza hata kuandika Baba. Sikulaumu, lakini nililia mpaka Lionel akaizima redio, na wewe unamjua Lionel.

Jiulize jambo moja tu. Katika maisha yako yote, ulimwona Mama akipikia ule mwiko hata siku moja? Ulikaa kwenye mtungi miaka ishirini na saba. Aliutoa kila Jumamosi, akaufuta kwa kitambaa kikavu, akakitupa kile kitambaa motoni, akaurudisha. Huo ndio mwiko ulioupeleka makumbusho ukalazwe juu ya sahani.

Sasa sikiliza. Nimerudi kwa Bi. Thwaites jana na Adélard, kwa utulivu safari hii. Adélard amekaa kitako saa nzima akimweleza kazi, na yule binti aliandika kila neno, na alipofika kwenye maziwa aliacha kuandika akamtazama tu. Yuko tayari kuutoa mwiko jikoni na kuuweka ukumbini, mbele ya magari, na picha ya Baba juu yake. Maelezo mapya tayari ameyapiga chapa: Mwiko wa fundi wa risasi. Ulitumiwa na Hormidas Robinet, 1934 hadi 1957. Aliuawa na vumbi la risasi kazini. Lakini fomu lazima itiwe saini na mtoaji, na iwe imemfikia Bi. Thwaites kabla ya tarehe 27. Ikichelewa, Baba atakuwa anageuza chapati mbele ya mji mzima mpaka masika.

Fomu iko ndani ya bahasha hii pamoja na stempu. Nimejaza kila nilichoruhusiwa.

Lionel anakusalimu, Mzee Adélard anakusalimu kwa fimbo zote mbili, na mjomba Eusèbe, ambaye hakumbuki tena majina, aliniuliza kuhusu "yule mdogo". Msalimie Gordon, mbusu Nadine. Mama Mtakatifu Anna awafunike kwa vazi lake wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kunisamehe hata kama si leo.

Kuna mstari mmoja nimeuacha wazi. Nilishika kalamu niujaze, Bi. Thwaites akanizuia mkono, akasema huo ni wa mtoaji peke yake. Umeandikwa: Uhusiano wako na marehemu.

Ni mimi dada yako, niliyechelewa na ninayekupenda,

Fernande