Jibu la Posa ya Rashidi

Mpendwa Baba,

Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje, na mvua huko Mpanda zimekaa sawa? Mahindi ya bondeni yameota? Sisi huku Morogoro ni wazima. Kaka Masudi anakula vizuri, na mimi cherehani haijanishinda bado.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukikohoa tu, mdomo wangu unasema "ndiyo Baba" kabla kichwa hakijafikiri. Tena posa ilikuja kwa barua, basi na jibu liende kwa barua. Jibu ni hapana. Siolewi na Rashidi.

Usiseme nimeharibiwa na mji. Rashidi ni mtoto wa shangazi, mtani wangu. Ameniita "mke wangu" tangu sina meno ya mbele, nami nimemmwagia maji na kumnyang'anya viazi, kama ilivyo haki ya mabinamu. Ulikuwa utani, Baba. Nyie wazee ndio mnaugeuza ndoa, kama mlivyogeuziwa wewe na Mama, watoto wa kaka na dada.

Unakumbuka kaka Masudi alivyokuwa akipiga teke ndoo na kukanyaga vifaranga jua likizama? Ulimwita mzembe. Jioni aliyopoteza mbuzi ulimchapa, nami nilisimama pale nikacheka. Mpaka leo naona aibu. Baadaye mkasema amelogwa, akachanjwa chale mpaka kwenye nyusi.

Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali ya macho. Daktari, mama mmoja mpole, hakuuliza adui yetu nani. Aliuliza, "Baba na mama yenu ni ndugu?" Nikamjibu ndiyo. Akanieleza kwamba mtu anaweza kuubeba ugonjwa huu wa macho, unaoanza kwa kutoona gizani, na yeye asiumwe, ila wawili walioubeba wakizaa, mtoto anaweza kuupata. Na ndugu wa damu ni rahisi kuwa wamebeba kitu kile kile. Si kila mtoto huupata, mimi macho yangu ni mazima. Lakini huenda nimeubeba. Na Rashidi je, ambaye dada yake naye siku hizi hushikwa mkono magharibi ikiingia?

Kwenye simu ulisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Baba, hili letu linatujua vizuri sana, na macho ya Masudi limeyamaliza.

Wewe na Mama siwalaumu, hamkujua. Sasa mnajua. Ukikasirika, kasirika. Ukinikataza kukanyaga nyumbani, nitakuja hivyo hivyo nikae jikoni kwa Mama mpaka hasira ziishe. Radhi yako naitaka sana, lakini siinunui kwa macho ya mwanangu.

Nisalimie Mama. Nisalimie Bibi, aliyeanza kumwita Rashidi mkwe. Shangazi mwambie namheshimu, asione nimemkataa yeye. Na Rashidi aendelee tu kuniita mke wake. Siku akioa kwa watu wengine, nitakuja kumchezea ngoma mpaka kiatu kikatike.

Zamani barua za nyumba yetu alikuwa akizisoma Masudi, sisi tumekaa mkekani. Hii nimemsomea mimi, mara mbili. Ameniambia nimwachie nafasi chini aweke jina lake. Nilimwonyesha pa kuanzia tu, mengine kaandika mwenyewe. Limepanda juu ya langu, usishangae.

Ni sisi wanao,

Mwajuma
Masudi