Kikao na Mwenyekiti, Alhamisi Saa Kumi

Baba, wasibota waitu, nakusalimu kwa Kihaya chetu.

Nakuandikia nikiwa kwenye kile chumba changu cha Kashai, hapa Bukoba, mlango wazi, bodaboda wanagombania abiria hapo nje. Leo nafanyia kazi nyumbani. Ni Alhamisi, saa kumi inakaribia, ndiyo maana nimekukumbuka. Hapana, nadanganya. Nakukumbuka kila siku, ila Alhamisi nakukumbuka kwa ratiba.

Unakumbuka ulivyocheka nilipokueleza kazi yangu? Nilikwambia shirika letu linasaidia wakulima wa kahawa, wenzangu wako Dar, Mwanza na wengine nje ya nchi, na mimi wa Bukoba ndiye ninayepanga vikao vya mtandaoni. Naangalia kalenda ya pamoja ya ofisi, natafuta saa ambayo wote wana nafasi, natuma mialiko. Ukaniangalia weee. "Yaani Koku, unalipwa mshahara kwa kuuliza watu kama wana nafasi?" Wewe uliyekuwa katibu wa wazee wa usharika miaka na miaka, ukizunguka kijiji chetu kizima cha Kagoma, Muleba, kwa miguu kuuliza swali hilohilo bure!

Basi mpanga vikao mwenyewe akakosa nafasi ya baba yake. Tulikubaliana nikupigie kila Alhamisi saa kumi, nikaiandika miadi yetu kwenye kalenda yangu binafsi, ile ya simu, ambayo ofisini hawaioni. Wao walichokiona ni kwamba saa hiyo sina kitu, wakanipangia vikao vya dharura. Mara tatu mfululizo ulikaa na simu mkononi ukisubiri. Ya tatu ukaniambia, "Nenda kwenye kikao chako, mwanangu, kahawa haikimbii." Hukuwa umekasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku hiyohiyo nikafanya ujanja. Nikafungua kalenda ya ofisi nikaandika: Kikao na Mwenyekiti, Kagoma. Kila Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja, bila mwisho. Sikusema ni mwenyekiti wa nini, na hakuna aliyeuliza. Huku kwetu mtu akisikia mwenyekiti, anapisha. Saa hiyo nilikuwa nairudisha kwa kuwahi kazini asubuhi, lakini uongo ni uongo tu.

Wewe, nilipokusimulia, cheo ulikipokea kwa mikono miwili! Wiki iliyofuata ulitokea kwenye simu ya video umevaa koti la kanisani. Kwa kawaida nilikuwa naona kipaji cha uso na majani ya migomba, siku hiyo nikaona na kola. Ukafungua kwa sala. Ukasoma mahudhurio kwenye daftari: wewe, mimi, na Mama ambaye alitoa udhuru kwa kuwa anamenya ndizi. Ukaingia kwenye yatokanayo: "Kikao kilichopita ulisema utakwenda kung'oa jino. Umekwenda?" Na kwenye mengineyo, wiki zote bila kukosa, ukaulizia habari za mchumba. Siku moja nikasema basi tufunge, ukanikatiza. "Kikao cha familia hakifungwi, Koku. Kinaahirishwa."

Sasa nikupe taarifa.

Ulipotutoka tulikulaza kwenye kibanja chako, shambani pale nyumbani, karibu na mibuni uliyoipanda mwenyewe. Nikarudi kazini. Alhamisi ya kwanza, saa kumi kasoro robo, kompyuta ikalia: Kikao na Mwenyekiti, Kagoma, baada ya dakika kumi na tano. Baba, nililia mpaka nikaenda kujifungia chooni. Kufuta ni kubonyeza mara mbili. Sikuweza. Ikawa kila Alhamisi saa hiyo ikifika naacha kazi, nakaa kimya na wewe mpaka saa kumi na moja.

Mwezi uliopita akaniandikia Dada Neema, mkuu wetu wa kazi aliyeko Dar. Wenzetu wa nje walitaka kumsikia mkulima wa Muleba kwenye kikao kikubwa cha mtandaoni. "Yule mwenyekiti wako wa Kagoma unayekutana naye kila wiki atafaa sana. Mwalike." Nikisema kweli, kazi inaweza kwenda, na ile saa yetu itafutwa. Nikinyamaza, itabidi nimtungie marehemu udhuru. Nilizunguka na simu chumbani, kisha nikampigia. "Dada, mwenyekiti ni baba yangu. Ndiye yule uliyenipa ruhusa nikamzike."

Akauliza, "Na tangu hapo, Koku, umekuwa ukikutana na nani?"

Alinigombeza, usifikiri aliniacha. Alisema ningemwomba saa hiyo angenipa bila mwenyekiti yeyote. Halafu akanielekeza jambo ambalo mimi, mtaalamu wa kalenda, sikuwahi kujifanyia: kuiunganisha kalenda binafsi na ya ofisi, wenzangu waone tu kwamba sina nafasi, wasione nakwenda kwa nani. Yeye mwenyewe hufanya hivyo kwa ajili ya watoto wake. Kazi ninayo bado.

Lakini swali lake halikuniacha. Alhamisi iliyofuata, saa kumi kamili, nikampigia Mama. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Nilidhani kikao kilikufa na mwenyekiti," akasema. Kumbe kila Alhamisi saa hizo alikuwa anakaa kwenye kiti chako, daftari lako mapajani, simu pembeni. Wiki zote hizo mimi nakaa kimya Bukoba, yeye anakaa kimya Kagoma. Nisamehe, Baba. Nimeshamwomba yeye msamaha.

Sasa kiti ni chake, na udhuru wa ndizi umekwisha. Kile kikao kikubwa alihudhuria yeye, maana mibuni ile alikuwa akiipogoa yeye wakati wewe unazunguka na barua za usharika. Aliwasalimia mmoja mmoja mpaka Dada Neema akaanza kuangalia saa, na walipomharakisha akawaambia kahawa haikimbii.

Wiki iliyopita alinisomea ukurasa wako wa mwisho. Ulikuwa umeshaandaa ajenda: Yatokanayo, jino la Koku. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukacheka tena. Jumatatu nikaenda kuling'oa. Ingiza hilo kwenye kumbukumbu. La mchumba bado linafanyiwa kazi.

Nakuahidi, Baba, saa ya Mama hakuna atakayeikalia tena, na sitaificha kwa jina la mtu. Imebaki dakika moja ifike saa kumi, na mwenyekiti wa sasa hasubiri. Kwa heri, Baba yangu. Sifungi. Naahirisha.

Koku,
Katibu