Vidole Visivyoonekana

Chumba cha juu, nyuma ya duka la viatu,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Shemeji naye, mgongo umempa nafuu au bado anatembea ameinama kama anayetafuta sindano? Na yule mdogo wa mwisho, ameshaota meno au bado anamng'ata kila anayembeba kwa ufizi mtupu? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayoumwa, na hiyo haina wodi.

Utashangaa kuletewa karatasi badala ya ujumbe. Dada, simu yako ni ya nyumba nzima. Ikilia tu, mama anataka asomewe, na wanao wanasoma kwa sauti kama watangazaji wa mpira. Haya ninayokuandikia hayatakiwi kumfikia. Anayekuletea barua ni muuguzi wa hapa kazini, anakuja kwao likizo. Mkaribishe, mpe chai, ucheke naye. Akishaondoka ndipo uingie chumbani, ujifungie, usome.

Uliniambia daktari amesema uvimbe wa tumboni kwa mama hauna subira tena. Uliniambia pia kwamba mama amegoma: haingii chumba cha upasuaji mpaka amtie machoni kitinda mimba wake. Tangu hapo kila ukinipigia swali ni moja, pasipoti imefikia wapi, nami jibu langu ni moja, bado kidogo. Sasa nikwambie hiyo bado kidogo ni kitu gani.

Pasipoti yangu imekwisha muda, na mpya haitoki bila alama za vidole. Nilikwenda ubalozini nimevaa lile gauni langu la heshima, nikapanga foleni, nikafika dirishani. Karani ni kijana wa kwetu, mpole, ana tai fupi. Akaniambia niweke vidole kwenye kioo. Nikaweka. Akaniambia nifute, niweke tena. Nikafuta, nikaweka. Akazunguka upande wangu, akanibonyeza vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama anayeonja maembe sokoni kwa kidole.

"Dada, samahani," akasema, "huna alama."

"Sina alama vipi? Vidole si hivi hapa?"

"Vipo. Ila mashine haivioni."

"Basi iambie nimefika."

Watu wa nyuma walicheka, na mimi nikacheka. Sikujua bado ninachocheka.

Unajua kazi yangu, au unadhani unaijua. Nafua nguo za hospitali nzima: mashuka ya wodi, magauni ya madaktari, vitambaa vya chumba cha upasuaji. Mashine zinafua, ndiyo, lakini yale yenye damu iliyoganda hayaingii mashinani mpaka yasuguliwe kwanza kwa mkono, kwenye maji ya moto yenye dawa ya kutoa madoa. Glavu tunapewa. Ukizivaa huoni doa kwa ncha za vidole, na shuka likirudishwa na doa ni wewe utakayeitwa ofisini. Kwa hiyo sote tunazivua. Hivyo ndivyo ngozi ilivyoondoka, taratibu, na mimi nikidhani mikono yangu inalainika. Nilikuwa najisifia, dada. Nilikuwa nasema angalia, nina mikono ya mke wa waziri.

Karani aliniambia nisiguse maji ya dawa kwa muda, alama zitarudi. Nikamwomba msimamizi anihamishie chumba cha kukunja. Akakubali, kwa kununa. Kumbe huko nako shuka linatoka kwenye kikaushio likiwa la moto, na kutwa nzima unalipapasa, unalinyoosha, unalipapasa. Nilichokimbia kwenye maji nikakikuta kwenye moto.

Mwenzangu mmoja wa kwenye pasi, tunamwita Mama Mvuke, akanishauri mafuta mazito na soksi mikononi kila ninapolala. Nikalala hivyo kama mtoto mwenye upele. Siku ya kurudi ubalozini, kwa akili zangu, nikasema niongeze na asubuhi, mafuta yashibe vizuri. Nilipoweka vidole kile kioo kikawa kama kikaango. Karani akafuta, akafuta, akaishiwa na karatasi za kufutia, akaenda kuazima kitambaa kwa mlinzi. Siku hiyo sikucheka. Nilikaa kwenye kiti chao cha plastiki nikalia mbele za watu, na yule kijana akafunga dirisha kidogo ili nisitazamwe.

Alikuwa muungwana. Alisema daktari akiandika kwamba vidole vyangu vimeharibiwa na kazi, wao watatuma maombi nyumbani, makao makuu, wakubwa waamue. Nikamuuliza wanaamua kwa muda gani. Akaanza kupanga mafaili yake. Nikamwelewa.

Najua unachotaka kuniuliza, kwa sababu kaka naye aliuliza: si kuna ile hati ya dharura ya kurudi nyumbani? Ipo. Ningeipata wiki hii hii. Lakini hati ile ni ya kwenda tu. Ukishuka nayo nyumbani huna cha kurudia huku, na kibali changu cha kuishi kinakufa siku ninayoiacha kazi. Na hospitali anakotibiwa mama, dada, inalipwa na mikono hii hii. Nikija kumshika mkono, nani atawalipa watakaompasua? Wewe? Shemeji na mgongo wake? Nimeligeuza hili jambo huku na huku mpaka kichwa kimepata moto. Siji.

Nimeandika neno hilo nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Bado ni lile lile.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapokuhitaji. Usimwambie mama habari ya vidole. Ukimwambia atanihurumia, na akinihurumia atasema basi tungoje alama zirudi, na atangoja kweli, huku uvimbe haungoji. Unamjua. Mama hajawahi kufanya jambo kwa kubembelezwa. Mama anafanya kwa hasira. Mwaka ule mwalimu mkuu aliposema mimi ni mzigo shuleni, nani aliyetoka kitandani na homa yake, akafunga kiuno, akatembea mpaka ofisini kwake akamsema mbele ya walimu wote? Homa yenyewe iliisahau njia ya kumrudia.

Kwa hiyo mwambie nimekataa. Mwambie pasipoti nimeshapata, iko mkononi, na nimesema sina nafasi. Mwambie nimenogewa na huku, nimepata watu wangu, mambo ya hospitali na uvimbe yananichosha. Sema kwa sauti ya kukasirika, nawe umekasirika kwa niaba yake. Usitetee hata kidogo. Kaka naye mpange, maana yeye akiulizwa mara mbili anamwaga kila kitu. Halafu mwache mama anitukane mpaka achoke. Nina hakika ataagiza nipigiwe simu, na mimi sitapokea. Akiniita tu mwanangu, nitasema kweli yote.

Atasema, kama kitinda mimba ndiye huyo, basi nipelekeni leo, nitoke huko nikamfuate mwenyewe. Atakaposema hivyo mpeleke hapo hapo, na vitu vyake uwe umeshavifungasha, asipate muda wa kupoa.

Naogopa, dada. Ninavyofua vile vitambaa najua si wote wanaoingia mle ndani wanatoka. Akitoka salama, nitakuja siku mashine itakapopenda, nitapiga magoti nimweleze, na atanipiga kofi nililolingoja kwa hamu. Asipotoka, atakuwa ameondoka akijua kwamba mwanawe wa mwisho hakumtaka. Hilo nimeliona. Nimekaa nalo. Heri aingie ananichukia kuliko asiingie ananingoja. Na ikiwa hivyo, usije ukamweleza mtu yeyote ukweli wakati wa matanga ili kunisafisha. Waache waseme.

Nisalimie kaka dereva, umwambie afunge mdomo. Nisalimie mjomba fundi saa na mkewe, nisalimie watoto wote wakubwa kwa wadogo. Mama usimpe salamu zangu. Mtandikie tu kitanda vizuri, na mto wake uwe juu kidogo, anapumua vizuri hivyo.

Mungu awe mkono wa daktari siku hiyo, na akupe wewe moyo wa kusema uongo huu bila kutetemeka.

Mdogo wako anayekupenda sana,
aliyekataa kuja.