Nguo za Yuliana Zimegawiwa

Matombo, Morogoro
2 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Glory,

Marahaba, maana najua shikamoo umeitoa hata kabla hujafungua bahasha. Habari za Bukoba? Mumeo Elia mgongo umepona? Sisi hatujambo. Magoti yananisumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu imenyesha kwelikweli, ila kanisani nafika na shambani nafika.

Ndizi tumepata nyingi. Karafuu kidogo tu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Nguo za marehemu mama yako zimegawiwa. Zote. Kaa chini kwanza, halafu uendelee kusoma.

Unakumbuka baada ya arobaini mjomba wako Paulo na ukoo walitaka kuzigawa, mimi nikakataa. Nikawaambia Yuliana ni mdogo wangu, na mwanawe ndiye atakayechagua wa kwanza. Ukasema utakuja Krismasi. Krismasi zimepita sijui ngapi. Kabati lenye nguo zake nimelifunga kwa ufunguo, na magauni yangu mimi natundika kwenye misumari kama mpangaji, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Basi mwezi wa nne bati la chumba chenye kabati hilo likavuja. Kufungua kabati, lo! Ukungu mtupu, na vitenge vya chini vimelowa chapachapa. Nikatoa kila kitu, nikaanika mbele ya nyumba, kwenye kamba, kwenye ua, mpaka juu ya majani.

Hapo ndipo nilipokosea. Pili, yule mtani wetu wa ng'ambo ya mto, akapita akaziona. Na mtu akikuta nguo za marehemu zimetolewa nje zote namna ile, ataelewa nini? Akapiga vigelegele, akatangaza njia nzima kwamba leo ukoo unagawa nguo za Yuliana. Kabla ya saa sita watu wamejaa, huyu na unga, yule na mkungu wa ndizi. Ningewafukuzaje? Nilikasirika, Glory, nikaingia ndani nikajifungia.

Mara nasikia vicheko. Kuchungulia dirishani, Pili kavaa gauni la zambarau la mama yako, lile la kwaya, anaburuta kandambili vilevile kama yeye, anamfokea kuku: "Kuku gani huyu hana haya? Toka jikoni kwangu!" Yuliana yuleyule! Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka. Tangu tumzike nilikuwa namlia tu mdogo wangu, sikuwahi kucheka kwa ajili yake.

Nikatoka, nikagawa kwa mkono wangu. Gauni la kwaya Pili kaondoka nalo mwilini, na mtani hadaiwi. Jumapili nikaona kile kitenge cha kijani cha mama yako kimembeba mtoto wa Hafidha, jirani yetu. Nilidhani kitanichoma moyo. Wala.

Nikaonja utamu wa kugawa. Kesho yake nikageukia vya kwangu: sare za harusi, sare za komunyo, sare za kipaimara, kila moja nimeivaa siku moja tu nikaifungia kwenye sanduku. Nimezitoa. Nimebaki na magauni ninayoyavaa, na sioni nilichopungukiwa. Asubuhi navaa, natoka, basi.

Mjomba Paulo anakusalimu sana. Pili naye anakusalimu, anasema na gauni lako la harusi analitaka. Mpe Elia salamu zangu.

Sasa nisikilize. Wewe sikukuwekea hata khanga moja. Kila mwaka nilikuambia uje uchague nguo za mama yako, na kila mwaka ukapata dharura. Uliogopa lile kabati. Usibishe, nimekulea mimi. Sasa ni tupu, limefunguliwa wazi. Hapa hakuna tena cha kuchagua wala cha kuja kulilia. Nipo mimi tu mwanangu, nami ni mzima. Njoo unione.

Mungu awatunze hapo nyumbani kwenu.

Ni mimi nikupendaye,
Mama yako mkubwa,
Eufrazia